Fundo la Mama Naomi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta meza isiyo na kiti. Ilikuwa katika kituo kidogo cha redio mjini Singida, na nilikuwa nimeajiriwa kuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza, yaani yule anayetunga maneno ambayo wengine watayasema hewani. Nilipouliza kiti kiko wapi, Mkuu wa Vipindi, ambaye angekuwa bosi wangu kwa miaka mingi, alicheka.

“Wewe hukuajiriwa kukaa,” alisema. “Ukikaa hapa utatuandikia habari za chai na mafaili. Panda gari, nenda ukasikilize watu.”

Siku hizi vijana huniita kwenye semina zao za uandishi. Wananiamkia vizuri, kisha wanauliza, “Bibi, msukumo wa kuandika ulikuwa unaupata wapi safarini?” Wanategemea niwasimulie machweo na yale mawe yetu makubwa. Mawe hayajawahi kunipa hata mstari mmoja. Nilichukua kwa watu, na mara nyingi nilichukua bila kuomba.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Daftari la safari lilikuwa dogo, la kuingia kwenye mfuko wa gauni, maana ukitoa daftari kubwa watu wanadhani umetumwa na serikali na wananyamaza. Huandiki mbele ya mtu. Unasikiliza, unaaga, unaandika ukishapanda gari. Pale Mkiwa, kwenye njia panda, nilishinda kwa mama lishe nikisikiliza abiria wanaosubiri basi, kwa sababu aliye safarini husema asiyoyasema kwake. Tulichokitafuta tulikiita mbegu: kitendo kimoja au neno moja ambalo mchezo mzima utaota juu yake. Na kulikuwa na kanuni ya kufunika. Badilisha jina la mtu, kijiji chake na kazi yake. Ukishabadilisha hivyo vitatu, Mkuu wa Vipindi alituambia, kisa ni chako.

Niliamini upuuzi huo kwa moyo wote.

Iguguno nilifika wakati wa kuvuna alizeti. Alinikaribisha Mama Naomi, mke wa mzee wa kanisa, mwanamke wa rika langu. Tulikula ugali na mlenda, kisha nikamfuata ghalani alikokuwa anashona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano nene ya kazi hiyo. Kila gunia alilimaliza kwa fundo ambalo sijaliona kwingine: uzi ulirudi kushoto, ukapita chini mara mbili, ukaacha masikio mawili madogo. Nikamsifia.

“Magunia yangu kila mtu anayajua,” alisema. “Hata kwenye mashine ya kukamua mafuta hawaulizi ni ya nani.”

“Nani alikufundisha?”

Alitazama mlangoni kwanza. “Dada, hili sijamwambia mtu. Kabla sijaolewa nilikaa Manyoni kwa shangazi. Kulikuwa na kijana anapakia magunia pale stesheni. Alinitaka, na mimi nilimtaka. Baba akakataa. Fundo ni lake. Mume wangu anajua ni mtindo tu.” Akakata uzi kwa meno, akavuta gunia jingine.

Basi lilikuwa halijafika hata barabara kuu na mimi nilikuwa nimejaza kurasa nne. Jina nikalibadilisha, kijiji nikakihamisha, alizeti nikaifanya mpunga. Fundo nilijaribu kulibadilisha pia. Nikaweka kanga, nikaweka pete, mchezo ukapoa kama uji wa jana. Nikalirudisha, masikio yake mawili na yote.

“Hii ndiyo kazi!” Mkuu wa Vipindi alisema, na akaandika jina lake juu ya langu. Mchezo ulirushwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, redio zinalia kila nyumba.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva wetu, aliyepita Iguguno wiki hiyo. Mume wa Mama Naomi alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akachukua kisu, akaingia ghalani, akakata fundo moja baada ya jingine huku majirani wakitazama. Hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Alimwambia ashone upya kama watu wengine. Tangu hapo hakumwita tena Mama Naomi. Alimwita “wewe”.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Vipindi nikilia, nikamwomba gari nikaombe radhi.

“Ukiomba radhi umethibitisha kuwa ni yeye,” alisema. “Kanuni uliifuata. Rudi kazini.”

Nilirudi kazini. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kuliko hata mchezo wenyewe. Yeye alipandishwa cheo, mimi nikahamishiwa Manyoni, na kila nilipopita stesheni nilijikuta natazama midomo ya magunia. Niliandika michezo mingine mingi na nikapongezwa. Mwanamke wa watu alikuwa anaitwa “wewe” nyumbani kwake, na mimi sikupanda basi kwenda kumwona.

Nilipanda nilipostaafu, wakati hakuna tena wa kunikataza. Mume wake alikuwa barazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akageuza uso. Mama Naomi alikuwa nje ya ghala, mvi zimemjaa, anashona.

“Umekuja na daftari?” aliniuliza.

“Hapana. Nimekuja kuomba msamaha.”

Hakuinua macho. “Ulibadilisha jina langu. Ulibadilisha kijiji. Mpaka alizeti ukaigeuza mpunga. Fundo lilikushinda nini?”

“Ndilo lilikuwa zuri.”

“Ndilo lilikuwa langu.”

Akanisogezea gunia na kunikabidhi shazia. “Haya, lifunge. Nionyeshe lile la redioni.”

Nilikaa chini. Niliurudisha uzi kushoto, nikaupitisha chini mara mbili, vilevile nilivyoandika. Ukafumuka. Nikajaribu tena, ukafumuka. Nilikuwa nimelieleza fundo lile kwa mkoa mzima, na mikono yangu haikuwa inalijua.

“Basi nifundishe,” nilimwambia.

Alichukua shazia mkononi mwangu. Akatazama barazani alipokaa mumewe, kisha akalifunga gunia kama wanavyofunga wengine wote.