Amana ya Santuri Arobaini na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninawe mikono mara tatu. Aliyenisimamia bombani, nyuma ya duka, alikuwa mke wa mwenye duka, ambaye mji mzima wa Korogwe ulimwita Mama Nasimu kwa jina la binti yake mchanga. Nilikuwa nimetoka Handeni wiki ile ile, nimemaliza darasa la saba, na vidole vyangu bado vilinuka moshi wa jikoni kwa mama. Aliinusa mikono yangu, akanirudisha bombani, akainusa tena. Mara ya tatu aliridhika. Akanipa santuri na kunionyesha namna ya kuishika kwa ukingo, kati ya viganja viwili, bila kugusa uso wake.

"Mafuta ya kidole hayaonekani," aliniambia, "lakini sindano itayasikia."

Kwa ninyi mliozaliwa muziki ukiwa ndani ya simu, santuri ni sahani nyeusi ya plastiki yenye mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sindano ikipita mferejini hutikisika, na mtikisiko huo ndio unaokuzwa mpaka ukawa muziki. Santuri hupangwa wima kama vitabu. Ukizilaza moja juu ya nyingine zinapinda, na ukiziweka penye joto zinakunjika, hazinyooki tena. Hayo niliyajua kabla sijafikisha miaka kumi na sita, na mnisome mkikumbuka kwamba niliyajua.

Duka liliuza vitambaa mbele, redio na betri katikati, na santuri nyuma kabisa, kwenye kaunta niliyokabidhiwa mimi. Wateja walikuwa walimu, makarani wa mashamba ya mkonge, madereva na wenye baa. Wengi walitaka bendi za kwetu, na siku zile neno jazz kwetu lilikuwa jina la bendi yoyote yenye magitaa na tarumbeta. Mwenye duka, Bwana Amirali, alikuwa mtu wa maneno machache, ila kwa jambo hilo alikuwa radhi kusimama nusu saa akimweleza dereva wa lori kwamba iko jazz nyingine, ya Wamarekani weusi, na kwamba iko soul, inayoimbwa kama watu wanavyoomba dua, na funk, ambayo gitaa la besi na ngoma ndizo zinazoongoza na mwimbaji anafuata.

Muziki huo alikuwa nao yeye mwenyewe, santuri arobaini na moja zilizonunuliwa Dar es Salaam na Nairobi moja moja. Hazikuwa za kuuzwa. Tuliziita santuri za kuonjesha: mteja akisita, nilimwekea upande mmoja asikilize, na akipenda, duka lilimwagizia yake. Mimi sikujua Kiingereza cha kutosha kumweleza mteja kilichomo. Kwa hiyo Mama Nasimu alisikiliza kila moja, akaandika nyuma ya jalada mstari mmoja wa Kiswahili kwa kalamu ya wino, ili nipate la kusema.

Hayakuwa maneno ya biashara. Nyuma ya moja aliandika, "Huyu anaimba kama mtu aliyerudi kwao akakuta mlango umefungwa." Nyuma ya nyingine, "Usimsikilize mwimbaji, sikiliza besi." Iko aliyoandika, "Usiiweke kama una haraka." Niliisoma mistari hiyo mbele ya wateja miaka minne, mpaka nikawa siitazami.

Binti yake alipofikisha miaka minne, Mama Nasimu aliugua figo. Alilazwa, akarudishwa, akalazwa tena, akafariki. Alizikwa hapa hapa Korogwe. Bwana Amirali alifunga duka siku arobaini, na alipofungua alinipeleka tawi dogo la Handeni, nadhani kwa sababu hakuweza kuniona kwenye kaunta ile bila kumwona mkewe nyuma yangu. Handeni nilikaa miaka miwili. Vumbi jekundu la kule lilikuwa adui wa sindano, tukawa tunafunika gramafoni kwa kanga mbichi siku za gulio. Nilipoitwa kurudi Korogwe, rafu zilikuwa nusu tupu. Bidhaa za nje zilikuwa haziingii tena, na kaka yake Bwana Amirali alikuwa akimwita ng'ambo.

Aliniita siku moja baada ya kufunga hesabu, akanionyesha masanduku mawili ya mbao.

"Zaina, hizi siwezi kuziuza na siwezi kuzibeba," alisema. "Nitunzie mpaka nije."

Tuliandika orodha ya santuri zote arobaini na moja kwenye madaftari mawili, tukatia sahihi, akachukua moja nami nikachukua moja. Nasimu alikuwa amesimama mlangoni na viatu vipya vya safari. Nikamwambia Bwana Amirali kwamba amana yake imefika mikononi mwangu. Masanduku yakapelekwa nyumbani kwangu, mtaa wa Masuguru.

Baada ya hapo nilipata kazi Hale, kwenye klabu ya wafanyakazi wa kituo cha umeme, kama mtunza santuri. Bosi wangu alikuwa Ofisa Ustawi, mtu mwema asiye na sikio la muziki hata kidogo. Alichojali ni rejesta. Kila santuri iliyopigwa alitaka iandikwe jina, upande, na nani kaiomba. Sindano tulibadilisha kila baada ya saa alizokuwa amezipanga yeye, ikiwa imechakaa au haijachakaa. Nilimcheka moyoni, lakini santuri za klabu ile zilidumu kuliko za mahali pengine popote nilipofika. Kaseti zilipoingia aliniambia kwa upole kwamba kazi yangu imekwisha, akanihamishia stoo. Huko nilihesabu balbu na sabuni mpaka nilipostaafu.

Nikiwa Hale nilikaa nyumba za wafanyakazi, na nyumba ya Masuguru nilimwachia mama, aliyekuja kutoka Handeni baada ya mvua kukosekana misimu miwili mfululizo. Mwaka uliofuata mahindi ya shambani kwake Handeni yalikubali. Magunia yakaletwa mengi, na chumba kilikuwa kimoja. Mama akaniuliza masanduku ayaweke wapi. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi kazini, nikamwambia ayaweke popote. Yakakaa chini, ukutani, kwenye sakafu ya udongo, na magunia yakaegemezwa juu yake.

Sikuyafungua kwa miaka miwili. Nilifika nyumbani kila mwezi, nikalala chumba kile kile, na kila mara nilijisemea kwamba nitayatazama safari ijayo.

Nilipoyafungua, mchwa walikuwa wameingia kutoka chini. Majalada yote yalikuwa udongo. Nilishika moja likamomonyoka, na kwenye kiganja changu kikabaki kipande kidogo chenye wino, herufi mbili ambazo sikuweza kujua ni za neno gani. Sahani zenyewe zilikuwa zimepinda kwa uzito na joto, nyingine zimepasuka. Nilizitoa nje nikaziosha zote kwa maji na sabuni ya unga, nikijua kabisa kwamba hazitapigika. Mama alinitazama kutoka mlangoni. Nilizifukia nyuma ya nyumba. Nilichobaki nacho ni daftari.

Tangu hapo nilikuwa naogopa barua. Bwana Amirali aliandika mara tatu, akanieleza hali yake na masomo ya Nasimu, na kila mara mwishoni aliuliza kama santuri hazijambo. Barua ya kwanza nilijibu kwamba hazijambo. Ya pili na ya tatu sikujibu. Kisha barua zikakoma, na ninawaambia wazi kwamba nilishukuru.

Nilistaafu. Klabu ilipouza vifaa vyake chakavu nilinunua gramafoni niliyokuwa nikiitumia, nikaiweka sebuleni bila kuwa na kitu cha kupiga. Halafu siku moja nilikuwa Segera, pale njia za Tanga, Arusha na Dar es Salaam zinapokutana, nasubiri basi. Kwenye kibanda cha muuza machungwa kukawa kunapigwa wimbo, na saksafoni ilipoingia nilimaliza sauti yake mdomoni kabla haijafika. Ilikuwa namba kumi na nane katika daftari langu. Nilimuuliza yule bwana ameutoa wapi. Akasema kwenye simu tu, lakini iko santuri yake mpya, na anamjua mtu Kariakoo anayeziuza.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kampuni za ng'ambo zimeanza kuchukua muziki wa miaka ile na kuuchapa upya. Nilimpigia simu muuzaji wa Kariakoo, nikamsomea daftari lote, majina arobaini na moja. Akaniuliza mimi ni nani.

Nikawa mkusanyaji nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanapunguza vitu. Mzigo ulikuja kwa basi, umefungwa kati ya mbao mbili nyembamba. Toleo jipya si lazima liwe zuri kwa kuwa ni jipya. Likichapwa kutoka mkanda mama, yaani ule uliorekodiwa studio, linakuja safi na zito. Lakini wako wanaonakili kutoka santuri nyingine ya zamani, na ukiwa na sikio utasikia mikwaruzo midogo ya santuri hiyo kabla muziki haujaanza. Hizo nilizirudisha. Nilirudisha pia moja iliyochapwa mwendo wa kasi kidogo, mwimbaji anasikika kama mtoto wake. Muuzaji alilalamika kwamba hakuna mteja mwingine anayemsumbua hivyo. Kwa miaka sita nilipata ishirini na tisa.

Kisha Nasimu akapiga simu. Alikuwa amepata namba yangu kwa jirani wa duka la zamani. Baba yake alikuwa amezeeka na alitaka kulitazama kaburi la mkewe, na alitaka pia santuri zake.

Nilipomwambia muuzaji wa Kariakoo, alinishauri niyaanike majalada juani siku chache yafifie, yaonekane ya zamani. Alisema macho ya mzee hayatatambua. Sitawaficha, nililitoa moja nikalianika uani asubuhi, na adhuhuri nikalirudisha ndani.

Walikuja na gari la kukodi. Nasimu, mwanamke mtu mzima sasa, alinisalimu shikamoo kwa Kiswahili cha mtu aliyekiacha utotoni. Nami nilimwamkia baba yake, nikamketisha, na kabla chai haijafika nikamwambia. Nilimweleza magunia, sakafu, mchwa, barua niliyomdanganya. Nikamwambia hizi zilizopangwa hapa ni nyingine, nimezinunua.

Alisimama kwa fimbo yake, akatoka nje akakaa barazani. Nasimu alibaki, akichukua santuri moja moja na kuzigeuza, na nilielewa alikuwa akitafuta nini nyuma yake. Baba yake alikuwa amemwambia kuna maandishi ya mama yake. Alikuwa hana barua ya mama yake hata moja.

Bwana Amirali aliporudi ndani alikaa mbele ya gramafoni.

"Alichoandika unakikumbuka?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba ninakumbuka mistari mingi, siyo yote. Akasema niweke.

Tulikaa kutwa nzima. Niliweka santuri, ikapigwa upande mmoja, nami nikasema mstari wake, Nasimu akauandika. Uliohusu mlango uliofungwa ulimfanya mzee afunike macho. Uliohusu besi ulimchekesha. Ilipofika namba thelathini na tatu, ya kinanda peke yake, Bwana Amirali alisema mkewe aliipiga sana alipokuwa mjamzito wa Nasimu. Nasimu akaweka kalamu tayari, akanitazama.

"Na hii, mama?"

Nilikuwa na mstari wa kumpa. Nilikuwa nimeusoma kichwani mtindo wa mama yake kwa miaka hamsini, ningeweza kutunga mmoja pale pale, na nani angejua? Mdomo wangu ulifunguka kabisa.

"Hii siikumbuki, mwanangu," nikamwambia.

Aliandika namba, akaacha nafasi tupu. Mistari niliyokumbuka ilikuwa kumi na saba. Nasimu aliniomba niiandike nyuma ya majalada mapya, nikakataa, maana mwandiko usingekuwa wa mwenyewe. Niliiandika kwenye vikaratasi tukavitia ndani ya majalada.

Nilizifunga santuri ishirini na tisa wima, kama nilivyofundishwa, na mbao pembeni. Dereva akazipeleka garini. Bwana Amirali alipitia daftari langu kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akanirudishia. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikuomba.

"Bado kumi na mbili," alisema, akaingia garini.

Wakaenda makaburini. Nilisikia baadaye kwamba walikaa huko mpaka jua lilipopungua.

Vijana wanaokuja kuniuliza mambo ya santuri hutaka kujua kama toleo jipya linalingana na la zamani. Huwajibu kuhusu mkanda mama na mwendo wa sahani, maana hayo nayajua. Kuhusu Bwana Amirali sijui hata leo kama alinilaumu au alinituma. Nimelipindua neno lile kila upande, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye mkeka baada ya swala. Mwishowe nimeamua kulipokea kama mtu anavyopokea maagizo ya kazi. Tangu waondoke nimepata mbili. Ya kwanza niliirudisha kwa sababu ya mikwaruzo. Ya pili ilikuwa safi, nikaituma kwa Nasimu, na ndani yake hapakuwa na kikaratasi.