Kamba ya Bibi Iliyonyoosha Magurudumu

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Ruhuwiko kumsaidia Mama kusafisha stoo. Mama yangu hatupi kitu, nawe unawajua akina mama wa umri ule: ndoo imetoboka anaiweka, kandambili ya mguu mmoja anaiweka, eti siku moja itafaa. Tulibishana mpaka jasho likatutoka. Ndipo nyuma ya debe la mbegu nikashika kamba ya katani iliyozungushwa kwenye kipande cha chuma chenye kutu. Nikakaa palepale juu ya gunia. Mama akanitazama, akaacha kubisha.

Kamba ile ilikuwa ya Bibi wa Maposeni, mama yake Baba. Ndiyo aliyokuwa akipandia mahindi: inavutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kila fundo unachimba shimo, unadondosha mbegu. Na kile chuma? Kile ndicho kilichotaka kumwondoa Baba nyumbani. Nisijitetee, kilitaka kumwondoa kikisaidiwa na mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, unaikumbuka bila shaka. Sabuni na sukari zilirudi madukani, mitumba ikamwagika sokoni, na mashirika yakaanza kupunguza watu. Baba alikuwa dereva wa shirika lililokuwa likikusanya tumbaku upande wa Namtumbo. Shirika likafa, yeye akarudi nyumbani na barua moja na pikapu moja kuukuu waliyompa badala ya kiinua mgongo. Pikapu ile ndiyo ilikuwa iwe riziki yetu. Ingebeba mahindi ya watu kutoka Maposeni na vijiji vya jirani kuyaleta mjini, na sisi tungekula.

Tatizo lilikuwa usukani. Ulikuwa unacheza jamani! Baba akikata kulia, gari linafikiri kwanza. Siku moja kwenye njia ya Peramiho, Mama akiwa amekaa mbele, lilikwenda lenyewe mpaka mtaroni likatulia huko na magunia yake. Mama alitoka kupitia dirishani, akajifunga kanga vizuri, akasema mbele ya abiria wote, "Mimi na wanangu hatupandi tena dude hili mpaka liwe linakwenda linakoambiwa." Habari ile ilifika mjini kabla yetu. Wateja wakakauka.

Basi akaja tajiri mmoja wa malori. Alikuwa na lori linaondoka Jumatatu alfajiri kwenda Dar es Salaam, anataka dereva mzoefu. Na kazi haikuwa ya kwenda na kurudi. Lori lingefanya kazi hukohuko, na dereva angekuja nyumbani Krismasi akijaliwa. Mtaani kwetu alikuwepo mama mmoja ambaye mumewe aliondoka hivyohivyo, na watoto wake walikuwa wanamjua baba yao kwa picha iliyotundikwa sebuleni. Baba hakutaka kwenda. Mama hakutaka. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikutaka kuliko wote.

Baba alituambia wazi, tumekaa tunakula: "Gari likinyooka kabla ya Jumatatu, nabaki. Lisiponyooka, naenda. Watoto hawashibi maneno." Bibi alikuwa amekuja kwetu juma lile, ameleta unga na maharage, na kamba yake mfukoni kwa sababu alitaka Baba amtafutie nyingine kama hiyo mjini. Aliguna tu, akaendelea kula.

Kilichochakaa ni ncha mbili za chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya mbele. Mafundi wanaziita tairodi endi. Mpya zilipatikana Ijumaa kwenye duka la spea lililokuwa limefunguliwa karibuni, zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Mama alizipokea, akazigeuzageuza na kuzinusa kama anayenunua dagaa wa Nyasa. Ikabaki kuzifunga, na gereji hatukuwa nayo. Tulikuwa na uwanja wetu, jeki, spana chache na nyundo mbili.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndipo nilipoharibu. Ncha zile zinaingia kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Ukifungua ya zamani ni lazima uhesabu imezunguka mara ngapi mpaka kutoka, halafu mpya uizungushe idadi ileile. Ukikosea, gurudumu moja linatazama mbele na jingine linatazama kwa jirani. Baba akasema kichwa chake juma lile hakiaminiki hata kwa kuhesabu kumi. Bibi akatoa dawa: alivyozoea kuhesabu madebe wakati wa kupukuchua mahindi, kila debe punje moja, ndivyo tuhesabu mizunguko. Akanikabidhi sahani ya bati. Kila Baba atakapozungusha mara moja, niweke punje. Wakati wa kufunga, kila mzunguko nitoe punje. Na kwa kuwa kutu na grisi vilikuwa vimefunika kila kitu, hapakuwa na alama nyingine ya kutegemea. Nilijiona waziri.

Jumamosi ile kulikuwa na baridi ya Juni yenyewe, ukungu umelala juu ya milima ya Matogoro, kande inachemka jikoni, na uwanja mzima unanuka mafuta ya taa ambayo Baba alizilowekea nati tangu jana yake. Alilala chini ya gari juu ya gunia. Mama, aliyeapa kutopanda, hakuwa ameapa kutogonga. Alishika nyundo moja upande huu, Baba nyingine upande ule, wakapiga kwa pamoja mpaka chuma kikaachia, kwaa! Mama akacheka kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu barua ile ije.

Ncha ya kulia ilitoka na mpya ikaingia, punje zikatoka moja moja mpaka sahani ikawa tupu. Ya kushoto ikatoka pia, punje zangu zikabaki kwenye sahani zikisubiri. Wakubwa wakaingia ndani kunywa chai na viazi vitamu. "Kaa na sahani yako," Baba akaniambia.

Nilikaa, tena nilikaa vizuri kabisa, mpaka jirani yetu muuza mitumba alipofungua robota jipya uwanjani kwake. Unajua robota likifunguliwa? Watu wanapiga vigelegele kama kuna harusi. Nikaona sweta jekundu linapeperushwa juu ya vichwa. Nikakimbia kuliangalia, mara moja tu. Niliporudi, mtetea wa Mama alikuwa amesimama juu ya sahani yangu, anameza punje ya mwisho.

Ningesema palepale yangeisha. Lakini niliogopa. Nilichota mahindi kwenye debe, nikaweka punje kumi na tisa kwa sababu kumi na tisa ilionekana kama idadi ya kweli. Baba akarudi, akalala chini, akazungusha, mimi nikatoa punje moja moja na uso mkavu. Hata sasa nikikumbuka nasikia aibu mpaka masikioni.

Alasiri alilijaribu gari. Lilivuta kushoto kama mbuzi aliyeona mahindi. Matairi yalikuwa yanasaga udongo, yanalia, na Baba alirudi analishikilia kwa mikono miwili. Akazima, akakaa juu ya jiwe la kufulia. Alijaribu kulisogeza gurudumu kwa makisio, akaharibu zaidi. Mashine ya kupimia magurudumu mjini haikuwepo. Akashika ile ncha ya zamani, akaitazama. "Wameniuzia feki," akasema. Halafu akamwambia Mama, taratibu kabisa, "Nitafutie begi langu."

Mama aliuweka upawa chini, akaanza kuelekea mlangoni. Hapo ndipo nilipolia. Nilimwaga yote: robota, sweta, mtetea, kumi na tisa. Nilisema, "Baba, spea si feki, ni mimi." Nilijua ninachapwa, na kweli nilitamani anichape, mradi asiende.

Hakunichapa. Alinyanyuka kwenye jiwe. "Kumbe spea nzima?" akauliza, mara mbili. Mama akamwangalia yule mtetea kwa jicho ambalo mtetea mwenye akili angehama nyumba. Bibi ndiye aliyekuja kunishika sikio, akalisokota kidogo, akasema, "Ukiharibu unasema papo hapo, mjukuu wangu. Umetuchelewesha." Kisha akatoa kamba yake mfukoni.

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza, tukarudi bila kusimama kusalimiana na watu. Wazo la Bibi lilikuwa jepesi. Yeye maisha yake yote alikuwa ananyoosha mistari shambani. Magurudumu ya nyuma yamenyooka, basi kamba ivutwe ikiyagusa ya nyuma mpaka mbele, na ya mbele yatafute mstari. Baba akavuta. Lakini mafundo yalikuwa yanakamata kwenye tairi, kamba inakaa mbali, haisemi kweli. Na kamba nyingine nyoofu kama ile hatukuwa nayo.

Mafundo yale aliyafunga Babu. Babu alikuwa ameshafariki kabla sijazaliwa, na kila msimu Bibi alipanda kwa vipimo vya mkono wa Babu. Baba alipoona mama yake anakaa chini na kuanza kufungua fundo la kwanza kwa meno, alisema, "Mama, acha. Yaache hayo." Bibi hakuinua macho. "Aliyeyafunga hayupo," akasema. "Wewe upo." Akafungua yote. Mama akakaa akamsaidia, nami nikasaidia, vidole vikatuuma.

Kisha kazi. Mama ameshika kamba nyuma, Bibi mbele, amechuchumaa na jicho moja amelifumba: "Bado. Linatazama kwa jirani. Rudisha. Rudisha kidogo. Hapo!" Baba anazungusha chini, anatoka kutazama, anarudi. Walipima na kupima tena mpaka kande ikaungua. Baba akakaza nati, akapiga pini, akanawa mikono.

Aliposhika mlango wa dereva, Mama alikuwa ameshapanda upande wa pili, kanga imefungwa kiunoni, amenipakata. Kiapo chake hatukumkumbusha. Kwenye kipande kilichonyooka cha barabara Baba aliachia usukani, akainua mikono yote miwili juu. Gari likaenda moja kwa moja. Mama alipiga kigelegele ambacho hata wauza robota hawajapata kukipiga.

Jumatatu alfajiri lori lilipiga honi nje. Nilikuwa nimekaa kitandani tangu majogoo ya kwanza, nimeshika blanketi. Nikamsikia Baba anatoka, anasalimia, anasema, "Samahani bosi, nina gari langu." Halafu mlango ukafungwa, na alikuwa upande wa ndani.

Leo pikapu ilishauzwa skrepa. Jirani na robota lake walihama, uwanja wa kufulia umejengwa vyumba vya wapangaji. Gari langu likivuta upande nalipeleka mahali penye kompyuta, kijana anabonyeza, natoka sijui hata kilichokuwa kimeharibika. Bibi alikwenda. Baba naye, lakini alikwenda akiwa mzee, nyumbani humu, kitandani kwake, sisi sote tumemzunguka.

Pale stoo niliikunjua kamba kutoka kwenye ile ncha ya zamani ya tairodi. Ina mafundo. Nilikuwa nimesahau: mvua za mwaka ule zilipokaribia, Bibi aliniita Maposeni niyafunge upya. Alisema niliyehusika nilipe. Akaulaza mkono wangu juu ya kamba, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, fundo. Kiwiko hadi kidole, fundo, mpaka mwisho. Mahindi yalibanana kidogo kuliko ya Babu, lakini Bibi hakupanda kwa kipimo kingine mpaka alipokufa.

Nikaweka kiwiko changu kwenye fundo moja. Fundo la pili likaishia katikati ya kiganja. Mama akanyoosha mkono kuipokea kamba, nikadhani anataka kuitupa, nikaikumbatia.

"Nani kasema naitupa?" akaniuliza. "Lete nitundike."