Nilikirudisha kibao cha Masanja msumarini watu wakiwa wameinama

Admin, nifichie jina. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, kwetu ni Newala. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mnivumilie. Huu ni mwaka wa saba niko Kahama, kibarua kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu. Mke na watoto wako nyumbani, mimi nimepanga chumba Nyasubi. Nimechoka, lakini sijaandika kwa sababu ya uchovu.

Pale mtamboni kuna timu ya kuzima moto. Ni sisi sisi vibarua, tumefundishwa na mama mmoja mtu mzima, Msukuma wa hapa hapa, nitamwita Mama Shija. Sheria yake kubwa ni ubao wenye misumari unaokaa nje ya mlango. Ukitaka kuingia kwenye moshi unamkabidhi mtunza ubao kibao cha jina lako, anakitundika. Mnaingia wawili wawili. Ukitoka unakichukua mwenyewe kwa mkono wako. Kibao kikiwa msumarini, mtu yuko ndani.

"Sura zenu siziangalii, naangalia misumari," alikuwa anatuambia kila siku.

Tulimwita Mama Misumari. Rafiki yangu Masanja ndiye aliyempa hilo jina. Siku moja akamuuliza, "Mama, na chooni tukienda tutundike?" Mama akamjibu bila kucheka, "Wewe tundika, maana huwa unakaaga sana."

Sasa kosa letu lilikuwa hili. Mazoezi yalikuwa Ijumaa kabla ya chakula, na zoezi haliishi mpaka ubao uwe mtupu. Ijumaa ndiyo siku ya nyama, na ukichelewa foleni unakuta mchuzi. Kwa hiyo tulizoea kwamba akitokeza mmoja mlangoni, mtunza ubao anatoa vibao vyote viwili kabla mwenzake hajafika. Mama alikuwa upande wa pili na mipira ya maji, hakuona. Nimefanya hivyo Ijumaa nyingi, mpaka mkono ukazoea.

Mwezi uliopita, saa nane mchana, stoo ya oili chakavu na mikanda ya mashine ikashika moto kweli. Mama Shija aliniweka kwenye ubao. Masanja na mwenzake Juma wakavaa mitungi ya hewa, wakanipa vibao, wakaingia kutoa mitungi ya gesi ya kuchomelea. Mama akakimbilia getini kuliingiza boza la maji.

Baada ya muda Juma akatoka anayumba, akaanguka pembeni, anakohoa hawezi kusema. Kumbe walipoteana ndani ya moshi. Mimi nilipomwona Juma, nikatoa vibao viwili. Sikufikiri. Chake nikamwekea kifuani, cha Masanja nikatia mfukoni nimpe akija.

Mama akarudi anahema, wengine wakiwa bado kwenye mipira ya maji. Akaangalia ubao, akaniuliza, "Wametoka wote?"

Nikamjibu, "Wote, mama."

Akaamuru milango ya stoo ifungwe ili moto ukose hewa. Tukafunga, na mimi nikasaidia kusukuma komeo. Ndipo tukasikia bati linagongwa kutoka ndani.

Nilikuwa wa kwanza kufungua. Tukamvuta Masanja nje, mkono wa kulia umeungua na hewa ameishiwa. Watu wote wakamwinamia. Mimi nikarudi nyuma taratibu, nikatoa kibao mfukoni, nikakitundika kwenye msumari wake. Hakuna aliyeniona.

Wakubwa walipokuja kukagua, wakakuta kibao cha Masanja kipo ubaoni. Wakamuuliza Mama Shija kwa nini alifunga milango na mtu yuko ndani. Akasema ubao ulikuwa mtupu, na mtunza ubao alimwambia wote wametoka. Wakanigeukia. Nikasema kibao kilikuwepo, na kwamba hakuniuliza chochote. Nilisema hivyo mbele yake. Alinitazama, kisha akageuka kuutazama ubao.

Amesimamishwa kazi. Kikao cha kumfukuza ni Alhamisi hii, na mimi ndiye shahidi.

Masanja bado yuko hospitali, anapumua kwa shida lakini anaongea. Nilipokwenda kumwona, mke wake alinipokea kwa magoti, akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, shemeji. Yule mama alimfungia mume wangu, wewe ukamfungulia." Masanja akanishika kwa mkono mzima, akasema, "Ningekuwa na ndugu kama wewe kwetu." Nikaweka maembe mezani, nikaaga nimechelewa zamu.

Lakini kinachoninyima usingizi ni Mama Shija mwenyewe. Juzi alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama kawaida, halafu akaniita mwanangu kwa Kisukuma, "Ng'wanawane, nisaidie. Ule ubao mimi niliuona mtupu. Na sauti yako niliisikia. Au ni macho yangu na masikio yangu yamezeeka? Kama yamezeeka niambie tu, nipumzike, nisije nikaua mtoto wa mtu."

Hakunilaumu. Alikuwa anauliza kweli. Nikamjibu, "Labda ni moshi, mama." Akasema, "Labda," akakata.

Jana amekuja kuchukua vitu vyake. Amenunua miwani. Alisimama mbele ya ubao, akaanza kugusa misumari mmoja mmoja kwa kidole, akihesabu polepole. Alipofika wa mwisho akarudia tena kutoka mwanzo. Mimi nilikuwa nimebeba gunia, nikapita nyuma yake bila kumsalimia.

Nikisema ukweli, kazi sina, na nyumbani watu watano wananitegemea. Masanja atajua ni nani aliyemfungia. Nikinyamaza, mama yule atakwenda kaburini akiamini macho yake yalitaka kuua mtu.

Mnitukane mkitaka, lakini mnishauri pia. Nianze kwa Masanja kitandani, au nimfuate mama nyumbani kwake kabla ya Alhamisi? Na nikifika mlangoni kwake, neno la kwanza niseme lipi?