Omena ya Kupimia Hewa ya Mgeni

Sisi tuliopakwa mafuta ya kupikia miguuni siku ya kwenda kanisani, tukaambiwa tunang'aa kama malaika, tukiona mambo ya watoto wa leo huwa tunacheka kwanza, kisha tunanyamaza. Juzi binti yangu Nabwire, ambaye anasoma Nairobi, alinitumia video ya nyoka wa rafiki yake. Nyoka mwenyewe anakaa kwenye sanduku la kioo. Juu ana taa ya kumpa joto, pembeni ana kidude cha kumpulizia mvuke, na kipimo cha joto na unyevu kinasomeka kwenye simu ya mwenye nyoka hata akiwa darasani.

"Mathe, ona huyu anavyoishi poa kukushinda," akaniandikia.

Na ni kweli. Mimi niko hapa Malaba, kwenye nyumba ya mabati inayonichoma mchana na kunidondoshea matone alfajiri, na hakuna anayenipima. Nabwire alitarajia nipige kelele kwa sababu ya nyoka. Hajui kwamba mama yake, ambaye huamshwa na majogoo wa Uganda lakini hajavuka mpaka hata kununua ndizi kwa uvivu wa kufungua lango, aliwahi kulea nyoka. Au tuseme alisaidia kulea. Basi niseme ukweli wote: nilikuwa mpuliza moto.

Ilikuwa kule Sio Port, kando ya ziwa, kwa kukhu, mama yake mama. Wenzangu mnajua jinsi tulivyopelekwa kwa nyanya zetu wakati ule, kama gunia la mahindi, bila kuulizwa. Mama alikuwa akiuza nguo mpakani, mimi nikabaki na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, iliyoanikwa mpaka ikaingia kwenye nywele. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa makaratasi mpaka vumbi likatufanya ndugu wa baba mmoja. Shuleni tulibeba maji ya kunyunyiza sakafu na mavi ya ng'ombe ya kuikandika, na jioni kukhu alitusongea ugali wa muhogo na mtama, mzito, ukiubonyeza kidole kinaacha alama. Watoto wangu wakipewa ugali ule leo wanauliza kama umeungua.

Kuka, mume wake, alikuwa mvuvi. Ziwa halikumweza, homa ikamweza, akafia kitandani. Kukhu hakulia matangani. Alipika, alipokea wageni, aliosha masufuria. Watu walipokwisha kuondoka na nyumba ikabaki kimya, akaingia jikoni akakuta chatu mchanga amejikunja kando ya mafiga.

Kwetu wakati ule, nyoka akiingia kwenye nyumba yenye msiba hapigwi. Watu walisema ni mwenye nyumba amerudi kuangalia alichoacha. Unamnyamazia, anaangalia, anaondoka mwenyewe. Lakini kukhu hakungoja aondoke. Alichukua sanduku la mbao ambalo kuka alikuwa akiwekea nyavu, akamwingiza mle kwa mti wa kusongea ugali, akafunika kwa waya wa banda la kuku. Akamwita Mgeni. Jina la kuka hakulitaja hata siku moja, lakini jioni alivuta kigoda karibu na sanduku akalisimulia habari za ziwa: nani amepata, nani amerudi mikono mitupu, nani amekatiwa nyavu.

Mjomba Wandera, mwanawe, alikuja akasimama mbali. "Mama, huyu ni nyoka."

"Kwani nimekwambia ni nyani?"

Wanawake wa ufukweni nao hawakumwacha. Akipita na karai lake walimwita, "Mama Wandera, mzee ameamkaje leo?"

"Ameamka salama. Wako je, amelala kwake ama kwa yule mwingine?"

Walicheka, naye alicheka. Akifika nyumbani hakuwa anacheka.

Basi kosa la kwanza lilikuwa la adabu. Mgeni kwetu huketishwa karibu na moto, na huyu akaketishwa kabisa. Sanduku liligusa mafiga, na mimi nikapuliza kuni kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Wakati wa kujivua gamba ulipofika, macho yake yakawa meupe kama maziwa. Gamba la nyoka hutakiwa kutoka zima, kama soksi. Lake lilikauka likapasuka vipande vipande, vingine vikagandia mkiani, vingine vikagandia machoni. Kukhu aliinama akamwangalia muda mrefu. "Mgeni hanioni," akasema.

Kosa la pili likawa la huruma. Alilihamisha sanduku kando ya mtungi wa maji, akalifunika magunia yaliyolowa. Gamba lililainika likatoka, tukapiga makofi. Lakini magunia yakabaki, na mvua za masika zikaanza, na mbao zikaota kuvu. Mgeni akaanza kuinua kichwa na kuachama. Mapovu yalimtoka puani, pumzi ikawa inalia kama birika linalokaribia kuchemka. Tukampa panya, akageuza shingo.

Mjomba Wandera hakusimama mbali siku hiyo. Alichuchumaa karibu na mama yake. "Atakufia mikononi, Mama. Halafu utamzika mzee mara ya pili. Utaweza?"

Kukhu aliinama juu ya sanduku. Aliingiza pua kwenye sanduku akanusa, kisha akanusa tena. Harufu ile aliijua. Ilikuwa harufu ya omena iliyonyeshewa kabla haijakauka. Akaenda kwenye kapu lake, akachagua omena moja kavu, akaifunga uzi akaining'iniza ndani ya sanduku, upande ambao Mgeni hangeifikia kwa urahisi.

"Wewe," akaniambia, "kila asubuhi uiguse hii. Ikivunjika kama kijiti, nyunyiza maji. Ikijikunja kama kamba, toa gunia. Ikikataa kidogo halafu ikavunjika, hapo hewa ni nzuri, uache."

Ndiyo kazi pekee niliyowahi kupewa yenye heshima. Kuna siku hewa ilikuwa nzuri mno nikakila kipimo, nikachapwa.

Sanduku nalo likageuzwa. Ncha moja ilielekea mafiga, ndani yake kukawekwa jiwe lililopashwa moto na kuviringishwa gunia. Ncha nyingine ilielekea mtungi, penye ubaridi na kibakuli cha maji. Nilimwuliza kukhu kwa nini asichague upande mmoja akamaliza.

"Nimemchagulia mara mbili," akasema. "Sasa achague yeye."

Taratibu pumzi ikatulia. Mapovu yakaisha. Siku moja tukatoka kuanua omena, tukarudi tukakuta panya tuliyemwachia hayupo na Mgeni ana tumbo. Mimi nikaruka. Kukhu alikaa kwenye kigoda, akaangalia.

Akaendelea kuangalia siku zilizofuata, mpaka nikaona ajabu. Mgeni alikuwa mzima sasa, sanduku lote lilikuwa lake, na kila mara alikuwa juu ya lile jiwe la moto, amelala raha mustarehe. Kule kwenye ubaridi alikwenda kunywa maji tu, akarudi.

"Mzee hakupenda moto," kukhu akasema. Hakuwa akiniambia mimi. "Miaka yote hiyo namwambia sogea huku, utapata baridi. Anakaa mlangoni. Chakula mlangoni, chai mlangoni. Anasema moshi unamziba, anataka kuona ziwa." Akakiangalia kile kichwa kidogo juu ya gunia. "Huyu anapenda moto. Huyu si yeye."

Asubuhi jua lilipokuwa limepata nguvu, yeye na mjomba Wandera walibeba sanduku mpaka kwenye matete ya mto, mimi nyuma yao. Alitoa waya. Mgeni alitoka polepole, akajinyoosha juu ya mwamba wenye joto bila hata kututazama, kisha akaingia kwenye matete. Kukhu akalia. Alilia kwa sauti, vile watu walivyomngojea alie matangani, na mjomba akamshika mkono mpaka nyumbani. Jioni ile kigoda chake hakikuwa jikoni. Alikiweka mlangoni.

Nilimsimulia Nabwire yote haya kwa simu. Akauliza unyevu ulikuwa asilimia ngapi. Nikamwambia, wa kukataa kidogo halafu kuvunjika. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, maana kusema kweli kile kidude chao kingemwokolea Mgeni yale macho, na mimi kingeniokolea fimbo.

Ila nilimwuliza swali moja. Huyo nyoka wa rafiki yako, akiachwa achague, hukaa upande gani?

Jibu lilikuja kesho yake. Rafiki hajui. Hajawahi kukaa akamwangalia, kwa sababu simu humwambia kila kitu kiko sawa.

Nikaweka simu chini, nikavuta kigoda mpaka mlangoni.