Dhumna ya Baba na Mjomba

Baba na mjomba hawakuwa wakisemezana ila Jumapili baada ya ibada, wanapocheza dhumna uani kwetu Port Reitz. Mama alipofariki, mjomba alitaka dadake azikwe kwao Rabai. Baba akakataa, akamzika kwake Kaloleni. Tangu hapo mjomba alimpa shemejiye mkono huku akitazama pembeni, wakaketi, kete zikaanza kugongwa mezani. Alama niliandika mimi, kwa sababu kila mmoja alimshuku mwenzake.

Kila Jumapili nilijaza kurasa nne tano za daftari na kuzitupa. Upepo ulizipeleka mtaroni. Mvua ilipopiga mtaro ukaziba, maji machafu yakaingia jikoni kwa jirani. Niliona haya. Wiki ile nilichora safu mbili kwenye karatasi ngumu, nikaenda duka la kupiga chapa pale Changamwe, wakaifunika kwa plastiki. Nikanunua kalamu ya wino wa kufutika, ile ya walimu. Mchezo ukiisha, unapitisha kitambaa na kuanza upya.

Baba aliigeuzageuza. "Haitupwi hii?"

"Haitupwi, baba."

"Kitu cha kufutika hakina ushahidi," mjomba akasema. Lakini akaketi.

Jumapili ya tatu joto lilikuwa kali, na mashati yamewaganda migongoni. Mshindi ni wa kwanza kufika mia. Mjomba alikuwa na themanini na nane, baba sabini na moja. Baba akanyoosha mkono kuokota kete iliyoanguka upande wa pili, na kigasha chake kilicholowa jasho kikapita juu ya karatasi. Alipouinua mkono, wino wote ulikuwa kwenye ngozi yake.

Mjomba akalaza kete zake moja moja. "Umefuta."

"Ni jasho, shemeji."

"Hata dadangu ulimchukua hivi hivi, kisha ukasema ni mila."

Baba akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Mjomba naye akasimama. Meza ilikuwa katikati yao, nami nimeishikilia kana kwamba ningeweza kuwazuia. Baba alikuwa akihema. Mwishowe akaniita, macho hayamtoki mjomba.

"Abee, baba."

"Tulikuwa na ngapi?"

Mjomba hakunitazama. Alikuwa ameshaelekeza uso langoni, kama mtu anayejua jibu litaegemea wapi. Nilijua nikimpendelea baba, mjomba hatarudi tena kwetu. Nikisema kweli, nitamwaibisha baba mbele yake.

"Mjomba themanini na nane. Wewe sabini na moja."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Baba akainua kiti chake, akaketi. "Andika basi."

Niliandika upya. Mjomba alishinda raundi iliyofuata, akafika mia. Kwa kawaida angeondoka papo hapo. Siku hiyo akaomba maji, akanywa taratibu, akaweka kikombe chini.

"Tangu mazishi sijafika kaburini," akasema.

Baba alikuwa akisugua wino mkononi. "Jumamosi twende pamoja."

Sasa karatasi naiweka kwenye kigoda kando yangu, mbali na mikono yao, na jirani ameniomba nimtengenezee ya mchezo wa keram. Jumamosi ile walikwenda kweli. Walichozungumza huko sikuambiwa. Waliporudi jioni, mjomba alikula kwetu, mara ya kwanza tangu msiba.