Kiatu cha Watu wa Chini

Juzi mafundi waliinua mabamba ya saruji yanayofunika kijito kwenye barabara yetu. Harufu ya matope baridi ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utoto.

Papa, yaani baba yangu, mvuvi wa kule kwenye maporomoko, alikuwa amenisukia kikapu kidogo cha kutegea samaki. Nilikitega nyuma ya nyumba, pale kijito kinapotokea chini ya barabara. Kikanasa kiatu chekundu cha mtoto. Mimi nilijua maji yanazaliwa humo ardhini, na kiatu kimetoka humo, kwa hiyo humo kuna watu.

"Papa, ni ya batu ya chini!"

Hakucheka. Kwao kwenye maporomoko, mvuvi akiokota mtego uliobebwa na maji, humtafuta mwenyewe.

"Bon, tuende tumurudishie."

Tulipanda na barabara, tukifuata maji kwa masikio. Kwenye kila ufa wa mabamba Papa aliinama, nami nikainama, na maji yakanong'ona chini ya harufu ya mawese na samaki wa moshi. Mwishowe tulifika kwenye shimo ambamo kijito huingia. Kando yake msichana alikuwa analia, mguu mmoja una kiatu chekundu, mwingine mtupu.

Niliamini ametoka shimoni.

"Kule kwenu chini kuko giza?" nikamwuliza.

Akaacha kulia, akanicheka mpaka akakaa chini.

Huyo ndiye Mado, mama wa ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Juzi alisimama nami ukingoni mwa kijito kilichofunuliwa, ameziba pua, akasema, akiniita ndugu kwa Kilingala:

"Ndeko, angalia, banafungua kwetu."