Mbwa wa Nyumba za Reli

Mume wangu alipopunguzwa kazi, tulipewa muda mfupi wa kuhama nyumba za reli. Yeye akapanda treni kwenda Tabora kutafuta kibarua, akasema atatuita akishapata. Mimi nikabaki Mpanda na watoto wawili, kitanda, masufuria na mbwa.

Mbwa alikuwa wake. Alimleta angali mdogo, ndani ya mfuko wa koti la kazi, akakua akawa dume la kahawia lenye kifua cheupe, kubwa kuliko mbwa wengi wa mjini. Kule stesheni hakuwahi kufungwa kamba. Siku ya kuondoka mume wangu alimpapasa kichwa, akaniambia, "Huyu umfanyie mpango." Hakusema mpango gani, na treni ilikuwa imeshapiga honi.

Chumba nilichopata kilikuwa karibu na soko, kwenye nyumba ya mzee mmoja mwenye duka. Vyumba vya wapangaji vilizunguka ua mmoja. Mbwa alipoingia uani nyuma yangu, mke wa mzee alikusanya nguo zake asiguswe, akarudi ndani. Baadaye mzee aliniita barazani. Nilimwamkia, akaitika kwa upole, akanipa kiti.

"Mwanangu," alisema, "mimi sina ugomvi na kiumbe wa Mungu. Ila hapa uani ndipo tunapotawadha na kuswali. Akitulamba, swala inatuharibikia. Mtafutie pake."

Nilimwomba anivumilie kidogo. Alinivumilia, kwa sharti mbwa asionekane uani. Na nje pia hakuweza kukaa. Wiki ileile mbwa mwenye kichaa alikuwa amewauma watu sokoni, gari la bwana mifugo likapita mitaani na kipaza sauti kutangaza kwamba mbwa yeyote anayezurura atapigwa risasi. Kwa hiyo palibaki chumbani.

Yalikuwa masika. Chumba hakikuwa na dari, mvua ikipiga bati hatusikilizani, ikikatika jua linatupika. Dirisha lilikuwa la ubao, nililifunga kwa sababu mbwa aliwahi kujaribu kuruka. Watoto walicheza juu ya kitanda, sakafu ilikuwa yake. Nilikuwa nakaanga maandazi na kuuza stesheni. Niliacha, maana nikitoka tu analia. Hakuwa anabweka. Alilia kama mtu aliyefiwa, huku anakwaruza mlango, na wapangaji wanatoka kutazama. Alfajiri, kabla ya watu kuja kutawadha, nilimtoa kwa mlango wa uchochoroni, nikamrudisha kabla hapajapambazuka. Mchana wote tulikaa wanne mle ndani tukinukiana. Watoto walipoanza kukohoa nilijilaumu, nikamlaumu mbwa, nikamlaumu na aliyeko Tabora. Kisha nikapika uji.

Jirani yetu wa zamani, ambaye yeye hakupunguzwa, alikuja na ushauri wake. Angempakia kwenye behewa la mizigo, amshushe porini katikati ya njia. Alisema wengi wanafanya hivyo. Nilimuuliza huko porini mbwa atakula nini.

"Ataliwa yeye," alijibu. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekueleza ratiba.

Baada yake alikuja mwindaji aliyesikia natoa mbwa. Alimfungua mdomo, akatazama meno, akamsifu sana. Nilimuuliza mbwa aliokuwa nao mwanzo wako wapi. Mmoja aliuawa na nyati, akasema, mmoja na nyoka, mwingine aliingia kwenye mtego wake mwenyewe mwindaji. Nilimshukuru, nikamwambia bado nafikiri.

Asubuhi moja mtoto mdogo aliamka na homa, na mzee alikuwa ameshaniuliza mara ya pili. Nikamfunga mbwa kamba, nikaenda naye stesheni kumtafuta yule jirani. Njia nzima mbwa alifurahi. Alidhani tunarudi nyumbani. Alinivuta hadi kwenye mlango wetu wa zamani, uliokuwa na pazia la watu wengine, akakaa chini akisubiri nifungue. Treni ya mizigo ilikuwepo, jirani alikuwepo, alinipungia hata mkono. Nikageuza kamba tukarudi.

Pembezoni mwa soko, kando ya barabara, alikuwa amekaa mama mmoja wa Katumba ambaye nilizoea kununua maharage kwake. Watu wa Katumba walikuwa wakimbizi waliotoka Burundi miaka ya nyuma, na siku zile walihitaji kibali kuja mjini, kwa hiyo siku zote aliuza huku anaangalia jua. Wengine walimkwepa mbwa. Yeye hakusogea.

"Anakula kuku?" aliniuliza.

Nikamwambia hajawahi.

"Na nyani anawajua?"

"Anajua treni tu, mama."

Alicheka. Akanieleza kwamba nyani wanamaliza mahindi yake, na mumewe mguu mmoja umekufa, hawezi kuwakimbiza. Nilimnyooshea kamba palepale. Akakataa kuipokea.

"Nikimvuta mimi atakata kamba arudi kwako, wampige risasi njiani," alisema. "Umlete mwenyewe. Ukae, ule kwangu, akuone unakula."

Nilikwenda kumwomba mzee mwenye nyumba ruhusa ya kuwaacha watoto na mmoja wa wapangaji. Mkewe alisikia toka ndani. Alisema watoto watabaki kwake, mgonjwa atamkanda mwenyewe. Tangu nihamie, tulikuwa hatujawahi kuvuka salamu.

Kesho yake tuliondoka alfajiri, tukafuata reli, kisha njia ya matope kati ya miti. Jua lilikuwa limepanda sana tulipofika. Mume wa yule mama alikuwa mzee wa watu, amekaa kwenye kigoda mguu ameunyoosha. Alimtazama mbwa, akasema maneno ya Kirundi ambayo sikuyajua, ila mkono wake niliuelewa: mrudishe. Mkewe alimjibu kirefu, taratibu, huku anamenya muhogo. Mwisho mzee alishusha mkono.

Tulikula ugali wa muhogo na maharage. Mbwa alilala chini ya kiti changu, hakugusa alichowekewa. Tulipokaribia kumaliza, yule mzee alimega tonge, akaliweka chini kando ya mguu wake mbovu, akatazama pembeni. Mbwa alikaa muda mrefu. Kisha akajivuta kwa tumbo akalichukua.

Yule mama akaniomba kanga ya juu, akaitandika jikoni mbwa abaki na harufu yangu, tukamfunga humo. Niliaga. Sikumpapasa. Nilipopita shambani alianza kulia, kilio kile kile cha chumbani, na sauti ikanifuata hadi kwenye korongo. Nikakaa juu ya jiwe nimeziba masikio. Halafu nikainuka, maana kulikuwa na safari na mtoto alikuwa na homa.

Nilipofika, homa ilikuwa imeshuka. Nilideki chumba, nikafungua dirisha, nikalala mapema nikidhani sasa nitapumua. Kesho yake niliweza kutoka saa yoyote niliyotaka, na nilisimama uchochoroni bila kujua niende wapi. Tabora ilikuwa kimya. Nikarudi ndani kukanda ngano ya maandazi.

Yule mama alikuja tena mjini wakati mahindi yameanza kukomaa. Alinipa habari kabla sijauliza. Walimfungulia mbwa, hakutoroka. Nyani dume alimchana sikio, lakini sasa nyani hawakaribii shamba. Yule mzee aliyemkataa ndiye anayelala naye kwenye kibanda cha kulinda shamba. Nilimwambia Jumapili nitakuja kumwona.

Aliendelea kunipimia maharage.

"Usije kwanza," alisema. "Ndiyo kwanza ametulia."

Nilipokea maharage yangu nikarudi chumbani, na mle nikakaa mpaka kiangazi cha mwaka uliofuata, Tabora ilipotuita.